Mkono Unaobeba Bakuli

Kanazawa, Japani
2 Septemba 2024

Mama yangu,

Assalaam alaykum, na shikamoo zote nilizokosa kukupa tangu Ramadhani.

Utashangaa kuona bahasha. Ni kwamba kwenye simu hatusemi, tunapiga kelele tu. Wewe unauliza kama nimekula, mimi nasema nimekula, Yazid anainyakua simu aniulize habari za kamera, kisha mtandao unakatika. Jambo hili nataka ulisome ukiwa umekaa, miwani imo usoni. Ndiyo maana naituma barua kwa sanduku la posta la ofisini kwa Yazid, Al Khuwair. Mwambie kaka yangu asiifungue.

Bi Hisako amesikia kuwa unakuja Novemba kunitembelea. Habari zake nimekwisha kukusimulia: mjane wa miaka themanini na moja, mwenye nyumba ninayokaa, mimi juu na yeye chini na paka wake. Ujanani alifundisha wasichana adabu za mezani, na mpaka leo akimwaga tone la chai huliomba radhi. Sasa anataka akupikie chakula cha mchana. Mama, huku watu hawaalikani majumbani kama kwetu. Wageni hupelekwa mkahawani. Mwaka mmoja na nusu wa masomo yangu sijaona mgeni akiketi mezani kwake. Aliponiambia niliinama tu.

Kwa hiyo nisikilize. Viatu unavua mlangoni, hilo unalijua kuliko wao. Meza ni fupi na tutakaa chini, hilo nalo si geni. Utapewa kitaulo cha moto. Ni cha mikono tu, usijifute nacho uso wala shingo. Kabla ya kula watu husema neno lao, itadakimasu, yaani napokea kwa unyenyekevu. Wewe sema bismillahi yako kwa sauti, nimeshamweleza. Hakuna sinia, kila mtu ana vyombo vyake vidogovidogo. Vijiti usimnyooshee mtu, wala usivisimamishe ndani ya wali, kwa sababu hivyo hufanyiwa maiti. Ukitaka kupumzika vilaze kwenye kijiwe chake. Wali usiumwagie sosi ya soya, ule mweupe hivyohivyo, na usibakishe hata punje. Najua kwetu mgeni akisafisha sahani huongezwa, na anayebakiza kidogo ndiye mwenye adabu. Huku kubakiza ni kusema hukukipenda. Tambi una ruhusa kuzifyonza kwa kelele. Bi Hisako mwenyewe akila tambi, paka huamka.

Sasa lile lililonifanya niandike. Bakuli la wali na bakuli la supu hayaachwi mezani. Unalinyanyua, unalikalisha kwenye kiganja cha kushoto karibu na kifua, na mkono wa kulia unashika vijiti. Mkono wa kushoto ukilala gotini huku mwenyewe anakula, wao huona ni uvivu na dharau kwa chakula. Na kuliinamia bakuli lililo mezani, samahani kwa neno hili, wanasema ni kula kama mbwa.

Najua unavyouona mkono wa kushoto. Hapana anayejua kama mimi. Lakini hauli, Mama, unabeba tu. Na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ukenda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho.

Ni mlo mmoja tu, na nautakia heri kuliko ninavyoweza kueleza.

Binti yako,
Shatha


Al Amerat, Maskati
19 Septemba 2024

Mwanangu Shatha,

Wa alaykum salaam, marahaba. Barua imefika, na Yazid ameifungua. Ati alidhani ni ya kazini. Ina jina langu, ina stempu ya ua, na yeye alidhani ni ya kazini! Nimemnyima halwa wiki nzima.

Basi Ijumaa baada ya sala nikamwambia anipeleke nikajifunze, maana hapa Al Amerat kuna vilima na mashemeji tu, hapana wa kunifundisha vijiti. Tukavuka mlima mpaka Al Khuwair, kwenye mkahawa wa Kijapani ulio nyuma ya wizara. Mjapani hata wa dawa sikumwona. Aliyetuhudumia ni binti wa Kikenya, Peninah, mtu wa Nyeri. Alipotusikia mimi na Yazid tukibishana, nusura aangushe trei.

"Ai, Mama! Kumbe mnaongea Kiswahili, tena kama cha redio!"

Nikamweleza safari yangu. Akavuta kiti, akanishika vidole kimoja kimoja. "Mama, usivishike ni kama unataka kudunga mtu. Hiki cha chini kinakaa tu, hakina kazi. Cha juu ndicho kinatembea. Pole pole. Hakuna mtu anakufukuza." Kipande cha kwanza cha samaki kilirukia kwenye kanzu ya dishdasha ya kaka yako. Cha pili kikaingia kinywani, na Peninah akapiga makofi mpaka meza zote za maofisa zikageuka. Sasa kila siku nnajizoeza kwa tende, na juzi nimeokota mbaazi kumi na moja. Marehemu baba yako angekuwepo angekufa kwa kicheko.

Lakini hilo la bakuli siliwezi. Miaka sitini na moja mkono wangu wa kushoto haujapata kukaribia chakula, na sioni kwa nini uanze uzeeni, tena ugenini. Jicho nitafumba, mkono siuamshi. Bakuli litabaki mezani, nitakula taratibu kwa vijiti vyangu, na mkono wangu utakaa gotini penye stara. Mwambie Bi Hisako unaniuma.

Na mimi nna langu la kukuuliza, maadamu umesema tuandikiane. Tangu una miaka kumi na miwili hukukaa tena kwenye sinia langu. Ulikuwa ukila jikoni, umesimama, mlango umeurudisha. Nikikuita unasema umeshiba. Nimepika biriani, nimepika mkate wa kumimina, nimepika pweza wa nazi, vyote umevilia mbali na macho yangu. Wageni wakiuliza nawaambia Shatha anasoma. Moyoni nikijiambia binti yangu ameelimika, amekiona chakula changu cha kishamba na mimi mwenyewe ni wa kishamba. Miaka kumi na sita hii, mwanangu. Sasa waniita nivuke dunia nzima nije nile na wewe nyumbani kwa mtu. Nitakuja, lakini jibu nalitaka.

Mgeni hendi mikono mitupu. Nimeshatuma tende za khalas na chupa mbili za asali ya tende, zitatangulia kabla yangu.

Mama yako,
Sabah


Kanazawa
6 Oktoba 2024

Mama,

Assalaam alaykum, shikamoo. Mzigo umefika salama, na hujui ulilolifanya.

Wajapani hutia mvinyo wa mchele karibu katika kila mchuzi. Nilimweleza Bi Hisako kwamba sisi hatuutumii hata tone, hata ukichemka. Hakuuliza kwa nini. Alikwenda jikoni, akaitoa chupa yake, akampa jirani. Tangu wiki tatu zilizopita anapika upya vyakula alivyovipika miaka sitini. Boga lake la kuchemsha lilimshinda mara tatu, akasema halina roho. Siku ilipofika asali yako alionja kwa ncha ya kijiti, akafumba macho, akatia kijiko kimoja kwenye sufuria. Jioni akapanda ngazi zote hizi, na magoti yake yale, kuniletea kibakuli cha boga. "Mama yako atalipenda?" Mama, nilikula nikasisimkwa. Mtu huyu amebadilisha mkono wake wa upishi kwa ajili ya mgeni ambaye hajawahi kumwona.

Umeniuliza kwa nini nilikuwa nakula jikoni. Wallahi sikukiona chakula chako cha kishamba. Huku kuna siku nalilia pweza wako. Ukweli ni kwamba

Mistari minne niliyoikata hapo usijaribu kuinyanyua kwenye taa. Niliiandika, kisha nikaona si maneno ya kumpa mtu anayefunga safari.

Sitamwambia Bi Hisako kwamba mkono unakuuma, maana atakutafutia daktari. Fanya utakavyoweza. Ila nakuomba, Mama, bakuli moja tu. Kwa ajili yangu.

Shatha


Kanazawa
1 Desemba 2024

Mama,

Assalaam alaykum, shikamoo.

Wiki tatu zimepita tangu uondoke. Nikipiga simu unasema alhamdulillah umechoka, kisha unampa Yazid. Yazid anasema unakaa sana kibarazani. Basi nakuandikia, kwa sababu siwezi tena kujibu ninayoulizwa hapa nyumbani.

Mwanzo ulikwenda vizuri mpaka nikaanza kuona fahari. Hukujifuta uso. Ulisema bismillahi na Bi Hisako akainamisha kichwa kama anayeielewa. Uliliokota boga kwa vijiti pasi na kutetemeka. Ulipotosheka na chai ukakitikisa kikombe kama finjani ya kahawa, yeye akakitazama, akakitazama, akatikisa na chake, mkacheka wote wawili. Nilijiambia yamekwisha salama.

Kisha ikaja supu. Uliiacha mezani. Mkono wako wa kushoto ulikuwa gotini chini ya mtandio, na nikakuona unainama. Nikashusha macho kwenye samaki wangu, nisione. Nilipoyainua Bi Hisako alikuwa ameshazunguka meza kwa magoti, amekutoa mkono chini ya mtandio, ametia bakuli ndani yake na kukifunika kiganja chako kwa viganja vyake. Nilitaka kupiga kelele. Wewe ukaanza kulia. Ukaliweka bakuli chini hukunywa hata funda, ukaniambia twende juu. Siku mbili zilizobaki ulizungumza habari za masanduku tu.

Bi Hisako haamini kingine ila kwamba amevunja amri ya dini yako. Aliniuliza neno la kuomba radhi kwa lugha yetu, na sasa anazunguka nyumbani akilifanyia mazoezi. "Samahani. Samahani." Anamwambia paka. Lile bakuli ameliosha, lakini hajalirudisha kabatini. Liko palepale ulipokaa. Anasema mgeni hakumaliza, kwa hiyo mlo haujakwisha.

Mwenye kosa ni mimi. Mimi ndiye niliyekushurutisha, na mimi ninajua kuliko yeyote mkono unavyokuwa ukishikwa kwa nguvu mbele ya chakula. Nilipaswa kukukinga, nikakaa natazama samaki.

Kama umenikasirikia, niambie umenikasirikia. Kimya chako sikiwezi.

Shatha


Al Amerat, Maskati
20 Desemba 2024

Mwanangu, roho yangu, Shatha,

Wa alaykum salaam. Sikukasirika. Rudia kusoma mstari huo, kisha uendelee. Sikukukasirikia wewe wala mama wa watu. Barua hii nimeianza mara tano, na mara nne nimeichana, kwa kuwa kila nikifika penyewe kalamu inageuka inaandika habari za hali ya hewa.

Kwanza nikusahihishe ulichokiona, maana ulikuwa unatazama samaki. Bi Hisako hakunikamata. Alikuja kwa magoti akatua kando yangu, akakunjua kiganja chake hivi, kitupu, karibu na goti langu, akangoja. Hakunigusa. Alingoja muda mrefu. Mimi ndiye niliyeutoa mkono chini ya mtandio nikampa. Ndipo akalichukua bakuli kwa mikono miwili na kunitilia kiganjani. Lilikuwa na moto, Shatha. Si moto wa kuunguza. Mkono wangu wa kushoto haukupata kuujua uvuguvugu wa chakula tangu nizaliwe, na ulipoujua, nikaona mengine yote kwa mara moja.

Sasa nikuhadithie usiyoyajua. Tulipofika Maskati kutoka Tabora mwaka sabini na tano mimi nna miaka kumi na miwili. Kiarabu chetu kilikuwa cha kuombea maji tu. Jamaa walitukaribisha, Mungu awalipe, lakini tukikaa kwenye sinia walikuwa wakitutazama mikono. Hawa wametoka Afrika, tuone wanakulaje. Bibi yako Jawaher alikuwa akitupanga mlangoni kabla hatujaenda popote, akitukagua kucha, akitusomea adabu kama mtu anayewapeleka watoto mtihani. Nimekua na mtihani huo. Nimeolewa nao.

Wewe ulizaliwa mashoto. Mwaka elfu mbili na moja tukaenda Ibra kwa shangazi zake baba yako, una miaka mitano, na mbele ya watu ukatia mkono wa kushoto kwenye wali. Shangazi mmoja akalivuta sinia upande wake, akaagiza lije jingine. Akaniambia mimi, tena kwa upole, "Mkono wa mtoto ni mkono wa mama yake." Asubuhi yake nikapasua ukingo wa kanga yangu, na kila ulipokaa kula nikaufunga mkono wako wa kushoto kiunoni.

Mwaka mzima na miezi. Siku za mwanzo ulilia, halafu ukaacha. Ulikuwa unalitazama sinia tu, unatafuna, unangoja kufunguliwa. Mimi nikajisemea samaki mkunje angali mbichi. Nilipokwenda tena Ibra ukala kwa mkono wa kulia kama binti wa sheikh, na shangazi akanisifu, na mimi nikasifika. Sijakuuliza hata siku moja. Miaka ile yote uliyokula jikoni sikuunganisha hili na lile. Nilidhani umesahau, kwa sababu mimi nilitaka uwe umesahau.

Ile mistari minne niliinyanyua kwenye taa. Umeikata vizuri, sikusoma kitu. Lakini sasa nadhani naijua.

Nyumbani kwa Bi Hisako niliingia na hofu yangu ileile ya Maskati ya mwaka sabini na tano, nikangoja wanitazame mikono. Kisha ukakaa mbele yangu ukaanza kula. Mwanangu, nilikuwa sijakuona ukila kwa miaka kumi na sita. Ulilinyanyua bakuli kwa mikono miwili, ukalikalisha kwenye kiganja cha kushoto, halikutikisika, hata mvuke wake ulikuwa umesimama wima. Mkono wa kulia ukala kama alivyotufundisha Mtume, na wa kushoto, ule niliokuwa nikiufunga kama mwizi, ndio uliobeba kila kitu. Mmoja haukumwingilia mwenziwe. Nikasema moyoni subhanallah, kumbe iliwezekana. Kumbe ulitaka kupewa kazi tu.

Hapo ndipo ilipokuja supu, na mimi nikainama kama mbwa, wewe ukashusha macho kunisitiri. Na mwanamke wa miaka themanini na moja, fundi wa adabu, akapiga magoti mbele yangu akangoja ruhusa ya mkono wa mgeni. Mimi kwa mtoto wangu wa miaka mitano sikungoja. Hicho ndicho kilichoniliza.

Unakumbuka bustani uliyonipeleka siku ya pili baada ya ule mlo, ile miti iliyofungwa kamba kutoka juu kama mwavuli? Ulinieleza kwamba theluji ikija kamba zinashikilia matawi yasivunjike. Ulidhani nimechoka kwa sababu nilikaa kwenye benchi. Nilikuwa naitazama ile miti. Na mimi nilidhani nakufunga usivunjike. Lakini wale wamefunga wakaliacha tawi juu, mimi nilifunga nikalishusha.

Dini yangu haijageuka, usije ukanielewa vibaya. Mkono wa kulia ndio wa kula, na ukinirudishia miaka ile ningekufundisha tena. Kukufundisha sikukosa. Kukufunga ndiko nilikokosa, na kukufunga kwa ajili ya macho ya watu, si kwa ajili ya Mungu. Nisamehe. Pale uwanja wa ndege nilitaka kukushika mkono huo, nikaogopa usije ukauvuta.

Maneno haya yanayofuata msomee Bi Hisako, uyageuze vizuri, usiyapambe:

Dada yangu mkubwa, mimi Sabah wa Al Amerat nakusalimu. Hukuvunja amri yoyote ya dini yangu. Ulininyooshea mkono ukangoja, na hakuna aliyewahi kunifundisha adabu kubwa kama hiyo. Boga lako lilikuwa na roho. Supu yako nnadaiwa, na nitainywa, bakuli likiwa mkononi. Usiombe radhi tena, hata kwa paka.

Peninah anakusalimu. Nilimpitia Jumatano nikamwonyesha jinsi bakuli linavyobebwa. Akaniambia, "Mama, umerudi mwalimu." Nikamwambia nimerudi mwanafunzi.

Mama yako,
Sabah


Kanazawa
3 Februari 2025

Mama yangu,

Assalaam alaykum, na shikamoo.

Barua yako nilimsomea Bi Hisako siku ileile ilipofika. Alinisikiliza kwa magoti mpaka mwisho. Nilipofika penye kungoja aliinama, akabaki ameinama, nami nikangoja. Kisha akaenda mezani akalichukua bakuli lile, akalifunga kwenye kitambaa, akanipa. Anasema si zawadi. Anasema mlo haujakwisha, umehamia Maskati, na wewe unajua namna ya kuumaliza. Supu amenifundisha kuipika, bila ule mvinyo. Theluji imefika magotini, na ile miti yako imesimama yote.

Ile mistari minne ilisema hivi. Kila nikikaa mbele yako nikanusa wali, mkono wangu wa kushoto hwenda wenyewe kiunoni na kutulia hapo, unangoja. Nimejaribu kuuzuia nikiwa na miaka kumi na miwili, nimejaribu nikiwa na ishirini, nikashindwa. Sikutaka uone. Sikukimbia chakula chako, Mama, wala wewe. Niliuficha mkono.

Siku ile kwa Bi Hisako haukwenda. Ulikuwa na bakuli.

Nimekusamehe. Niliandika neno hilo mara nyingi kwenye karatasi nyingine kwanza, nione kama ni kweli, na ni kweli.

Nakuja Idi, inshallah. Supu nitakupikia, uinywe kwenye bakuli lake. Lakini kwanza tandika lile sinia kubwa, upike pweza wa nazi, waite mashemeji wote, waite na wa Ibra. Sitakula jikoni. Nitakaa karibu nawe, mbele ya watu, na nitakula kwa mkono wa kulia kama ulivyonifundisha. Wa kushoto nitakupa wewe, uushike mpaka nishibe.

Shatha wako